Mkopo wa shule na mshahara wa kozi za afya za miaka miwili Marekani: piga hesabu hivi kabla hujasaini

Wengi wetu tulioko Marekani, Wabongo, Wakenya, ndugu zetu Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi, tunaanzia sehemu moja ambayo ni CNA (msaidizi wa nesi), kugeuza wazee usiku na kukimbilia shifti ya pili asubuhi, halafu baada ya muda mgongo unaanza kulalamika na swali linakuja, nisome nini ambacho hakichukui miaka minne na kinalipa? Hapo ndo unaanza kusikia habari za asosieti digrii (digrii za miaka miwili) za afya, eksirei, ultrasaundi, upumuaji, maabara, meno, chumba cha upasuaji. Ni njia nzuri kwa kweli, kuna watu wametoka kwenye dola kumi na nane kwa saa mpaka zaidi ya thelathini na tano kwa digrii ya miaka miwili tu. Ila kuna wengine wamesoma kozi ileile, wakafanya mtihani uleule, wanafanya kazi wodi moja, na mmoja ana deni la dola 8,000 mwenzake ana 60,000.

Hospitali inalipa leseni yako na uzoefu wako, haina habari na bei uliyolipa shuleni. Kwa hiyo bei ya shule ndo kitu kikubwa kilichoko mikononi mwako, na mwongozo huu wote nimeuandika kwa sababu hiyo.

Hatua ya 1: Andika unachopata leo

Watu wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja kwenye mshahara wa kazi mpya. Usifanye hivyo. Chukua W-2 yako ya mwaka jana (ile fomu ya mapato anayokupa mwajiri), angalia jumla, hiyo ndo namba yako ya kuanzia. Kama ovataimu ndo inayokubeba andika pembeni kiasi gani kinatokana na ovataimu, sababu ukianza shule hiyo inakufa ya kwanza.

Kinacholipa deni ni ile nyongeza, tofauti kati ya unachopata sasa na utakachopata, baada ya kodi. Ukiambiwa kazi fulani inalipa 42,000 na wewe tayari unapata 38,000, shule haijakupa 42,000, imekupa elfu nne, na kodi bado haijapita hapo.

Hatua ya 2: Tafuta mshahara wa kweli wa mji wako

Usimsikilize mtu wa udahili, wala binamu aliyeko California. Nenda kwenye takwimu za Bureau of Labor Statistics, BLS, zipo wazi bure na unaweza kuchagua kazi na mji. Kitaifa kwa Mei 2023 mshahara wa katikati, yaani nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi na nusu wanapata chini yake, ulikuwa hivi kwa mwaka: usafi wa meno karibu 87,500, ultrasaundi karibu 84,500, tiba ya upumuaji karibu 78,000, eksirei karibu 73,400, wasaidizi wa tiba kazi (occupational therapy) 67,000, wasaidizi wa fiziotherapia 64,000, maabara na chumba cha upasuaji vyote karibu 60,700, halafu chini kabisa medikal asistanti (msaidizi wa kliniki ya daktari) 42,000. CNA wenyewe walikuwa 38,200. Na ili uwe na kitu cha kulinganishia, nesi wa RN (nesi kamili aliyesajiliwa) ambaye naye anaweza kuingia kwa digrii ya miaka miwili alikuwa 86,000.

Tazama hiyo orodha vizuri. Zote zinaitwa kozi za afya, zote unaweza kukuta shule inazitangaza kwenye bango moja, lakini kati ya juu na chini kuna zaidi ya mara mbili.

Mambo mawili hapa. Kwanza, namba ya katikati inahesabu na wale wenye miaka ishirini kazini, wewe mgeni utaanza chini yake, kwa hiyo kwenye jedwali la BLS shuka mpaka ile safu ya asilimia 25, yaani robo tu ya wafanyakazi wanapata chini yake, ndo uifanye mshahara wako wa kuanzia. Pili, angalia kazi zinapatikanaje. Usafi wa meno unalipa vizuri sana kwa saa lakini kazi nyingi ni za siku mbili tatu kwa wiki kwenye kliniki ndogo, na mara nyingi bila bima ya afya, unaweza kujikuta unafanya kliniki mbili ili wiki ijae. Eksirei na upumuaji ni kazi za hospitali, shifti zipo usiku na wikiendi na zinaongezewa, na bima ipo.

Hatua ya 3: Piga bei kamili, sio ada peke yake

Hii ndo hatua ndefu na ndo inayowaumiza watu.

Ada kwenye komyuniti koleji ya serikali, kama wewe ni mkazi wa eneo hilo, kwa wastani wa nchi ni kama dola 4,000 kwa mwaka. Shule binafsi za biashara, zile zinazotangaza kwenye basi na simu haziishi kupiga, kozi nzima inaweza kufika 40,000, 50,000 na kuendelea. Sasa ongeza vitabu, sare, chanjo, uchunguzi wa rekodi za polisi, mtihani wa kuingilia kama TEAS, ada ya mtihani wa bodi (ule wa kupata leseni) mwishoni, mafuta ya gari kwenda hospitali ya mafunzo ambayo inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kutoka kwako. Weka angalau elfu tatu kwa hivyo vidogo vidogo.

Halafu kuna muda. Wanasema miaka miwili, ila kabla ya kuingia kwenye programu yenyewe unatakiwa umalize masomo ya awali, anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, hesabu, Kiingereza cha kuandika, wakati mwingine mikrobiolojia, na ukimaliza unaomba nafasi pamoja na watu kibao huku nafasi zikiwa chache. Kwa mtu anayefanya kazi, miaka mitatu ndo hesabu ya kweli, na sehemu nyingine kuna foleni. Shule za biashara zinauza hapo hapo, "kwetu hakuna foleni, anza Jumatatu". Ni kweli hakuna foleni, lakini mwaka mmoja wa kusubiri huku unafanya kazi na kumaliza masomo ya awali taratibu ni nafuu kuliko elfu arobaini ya deni, hata kama inauma.

Kama ulisoma chuo nyumbani, usitupe zile karatasi. Peleka transkripti zikatathminiwe na taasisi kama WES au ECE, uliza kwanza koleji yako inakubali ya nani, unaweza kusamehewa baadhi ya masomo ya jumla na hapo umeokoa muhula mzima.

Na gharama kubwa kuliko zote haipo kwenye karatasi ya shule: masaa ya kazi utakayopoteza. Mafunzo ya vitendo hospitalini ni mchana, siku mbili mpaka nne kwa wiki, hayalipwi, na huwezi kukosa. Kama leo unapata 38,000 ukabaki na nusu ya masaa kwa miaka miwili, umeacha mezani 38,000 kabla ya kodi. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya ada ya komyuniti koleji kwa miaka hiyo miwili! Wengi wanaokopa hawakopi kwa ajili ya ada, wanakopa kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Sasa weka pamoja. CNA wa 38,200 anakwenda tiba ya upumuaji kwa komyuniti koleji. Miaka mitatu ya ada 12,000, vidogo vidogo 3,000, masaa aliyopoteza 38,000, jumla 53,000. Nyongeza yake kwa namba za katikati ni karibu 39,800 kwa mwaka, kodi ikishapita tuseme inabaki 28,000. Chini ya miaka miwili kazini gharama yote imerudi. Mtu huyohuyo akienda shule ya 50,000 kwa kazi ileile, jumla inapita elfu tisini na riba hujaweka, ni miaka zaidi ya mitatu. Na akisoma medikal asistanti kwa ada ya 20,000, nyongeza ni 3,800, baada ya kodi kama 2,900, anahitaji miaka karibu saba kurudisha ada tu. Medikal asistanti kuna sehemu wanafundisha kwa cheti cha chini ya mwaka mmoja, na baadhi ya kliniki zinakufundisha wakikulipa, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kukopa asosieti nzima kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Maliza hela isiyorudishwa kwanza

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Kama una griini kadi (walioshinda bahati nasibu ya DV wameingia humo), au hadhi ya mkimbizi, au umepewa asylum, unaweza kuomba. Mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1, au hadhi ya muda ya DACA au TPS, hapati msaada wa serikali kuu, aangalie misaada ya jimbo na ya koleji yenyewe.

Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni dola 7,395, na hurudishi. Linganisha na ada ya 4,000, kwa familia ya kipato cha chini Pell inamaliza ada na inabaki ya vitabu na nauli. Ila ina kikomo, sawa na mihula kumi na miwili ya kusoma muda wote katika maisha yako, kwa hiyo usiiunguze kwa kuchukua madarasa na kuyaacha katikati.

Majimbo nayo yana mipango. Minnesota kuna North Star Promise tangu 2024 kwa familia za kipato chini ya 80,000, Massachusetts komyuniti koleji imekuwa bure kwa wakazi tangu 2024, Tennessee na Michigan kuna Reconnect kwa watu wazima wasio na digrii. Na huko ndo wengi wetu tunaishi, mtu wa Lowell au Worcester akikopa ada ya komyuniti koleji leo, ina maana hakuambiwa.

Mwajiri wako je? Sheria inaruhusu mwajiri kukulipia mpaka dola 5,250 kwa mwaka kwa masomo bila wewe kukatwa kodi, na mahospitali mengi yanafanya hivyo hata kwa CNA wa nusu muda. Nenda HR ukaulize kwa maandishi, na usome mkataba unakufunga miaka mingapi baada ya kumaliza. Ukiweza kuhama kutoka nyumba ya wazee kwenda hospitali kabla ya kuanza shule, hama, hata kwa mshahara uleule.

Kwenye kodi kuna American Opportunity Tax Credit, mpaka 2,500 kwa mwaka kwa ada na vitabu ulivyolipa mwenyewe au kwa mkopo, na mpaka 1,000 ya hiyo unaweza kurudishiwa hata kama hudaiwi kodi. Mwambie anayekujazia kodi, usiache ipotee.

Na kwa wale wasiochukua riba kwa ajili ya dini, njia ipo na watu wameipita: Pell, jimbo, mwajiri, halafu kilichobaki unaomba koleji ikugawie malipo kwa mwezi, koleji nyingi zina huo mpango bila riba, unalipa ada ndogo tu ya kujiunga.

Hatua ya 5: Kama lazima kukopa, weka kikomo kabla ya kuona fomu

Mkopo wa serikali kwa anayejitegemea ni mpaka 9,500 mwaka wa kwanza na 10,500 mwaka wa pili, jumla 20,000. Kwa kijana anayehesabiwa chini ya wazazi ni 5,500 na 6,500. Sehemu yake, 3,500 na kisha 4,500, inaweza kuwa ile ambayo riba haikimbii ukiwa shuleni, chukua hiyo kwanza. Iliyobaki riba inaanza siku hela inapotoka. Kuanzia Julai 2026 kuna mabadiliko, ukisoma nusu muda, kiwango unachoweza kukopa kwa mwaka nacho kinapunguzwa, kwa hiyo wale wa darasa mbili mbili wapange mapema.

Mimi huo mpaka wa 20,000 nauchukulia kama kengele. Kama shule ya miaka miwili haiingii ndani ya Pell na mkopo wa serikali, mpaka wanakuletea fomu ya mkopo wa benki, shule ni ghali kuliko kazi, toka.

Namba ya kukariri: kwa riba ya karibu asilimia 6.4 (mikopo ya 2025-26 ni 6.39), kila dola 10,000 unalipa kama dola 113 kwa mwezi kwa miaka 10. Elfu ishirini ni 226 kwa mwezi. Mkopo wa benki kwa asilimia 12, kila elfu kumi ni 143, na mtu asiye na krediti ndefu anaweza kupewa hata zaidi ya 12.

Sasa pima. Serikali yenyewe, kwenye kanuni zake za kupima programu za shule za biashara na za vyeti, ilitumia kipimo cha asilimia 8, kwamba malipo ya mkopo kwa mwaka yakizidi asilimia 8 ya mapato ya mwaka programu inaangaliwa kwa jicho baya. Hicho ni kipimo cha programu kufeli, usikifanye lengo lako. Sisi tuna mama nyumbani, ada ya mdogo wetu, michango ya msiba, hizo ni bili za kila mwezi hata kama fomu za Marekani hazizijui. Weka asilimia 5. Kwa njia ya mkato ni hivi, deni lote lisizidi theluthi moja ya mshahara wa kuanzia. Ukitarajia 66,000, deni mwisho 22,000. Ukitarajia 39,000, mwisho 13,000.

Jaribu na yule wa shule ghali: 20,000 ya serikali na 35,000 ya benki kwa asilimia 12. Ni 226 na 502, jumla 728 kila mwezi. Kwa mtu wa upumuaji wa 78,000 ni zaidi ya asilimia 11 ya mshahara kabla ya kodi, ataishi ila kwa kubanwa. Kwa medikal asistanti wa 42,000 ni karibu asilimia 21, hapo hakuna maisha.

Na mkopo wa benki utakutaka mtu wa kukusainia. Anayesaini, awe mjomba, shemeji au mzee wa kanisa, anadaiwa sawasawa na wewe, ukikwama cheki moja krediti yake inaanguka na nyumba aliyotaka kununua inasubiri. Na kwenye mkopo wa benki hamna kusamehewa kwa kufanya kazi hospitali ya umma, hamna mpango wa kulipa kwa kipato. Ukiombwa kumsainia mtu, muombe kwanza akuonyeshe hizi hesabu, sio kumnyima, ni kumsaidia.

Hatua ya 6: Ichunguze shule

Anza na ithibati ya programu yenyewe, maana shule inaweza kuwa na ithibati na programu isiwe nayo. Eksirei ni JRCERT, upumuaji CoARC, ultrasaundi na chumba cha upasuaji CAAHEP, meno CODA, msaidizi wa fiziotherapia CAPTE, msaidizi wa tiba kazi ACOTE, maabara NAACLS. Ingia kwenye websaiti ya chombo chenyewe utafute jina la shule na kampasi, usikubali kuonyeshwa nembo kwenye brosha. Kwenye kazi kadhaa kati ya hizi, ukisoma programu isiyo na ithibati hufanyi hata mtihani wa bodi.

Halafu omba namba tatu: wangapi kati ya walioanza walimaliza, wangapi walifaulu mtihani wa bodi mara ya kwanza, wangapi walipata kazi. JRCERT inadai programu ziziweke hadharani. Ile ya kumaliza ndo ya kuitazama sana, kwa sababu deni baya kuliko yote sio la elfu hamsini, ni la elfu tisa la mtu aliyefeli somo moja la vitendo akatolewa kwenye kundi lake na hakurudi. Hana leseni, hana nyongeza, riba inakimbia, na bado anafanya CNA ileile. Uliza ukifeli somo moja unarudi lini na inakugharimu nini.

Ingia pia College Scorecard, ni ya serikali, inaonyesha deni la katikati na mapato ya waliomaliza kozi hiyo kwenye shule hiyo. Weka shule mbili pembeni kwa pembeni. Na uliza chuo kikuu cha jimbo kama kinapokea krediti (masomo uliyofaulu) za hiyo shule, ukitaka kuendelea mpaka bachela baadaye. Corinthian Colleges, wenye zile shule za Everest zilizojaza watu medikal asistanti, walifunga 2015, wanafunzi wakabaki na mikopo na krediti ambazo vyuo vingi havikuzitaka, na ilipofika 2022 ndo serikali ikafuta dola bilioni 5.8 za watu 560,000. Miaka saba ya kusubiri.

Hatua ya 7: Ukishamaliza

Una miezi sita kabla ya malipo kuanza. Ukipata kazi hospitali isiyo ya faida au ya serikali, na hospitali nyingi Marekani ni hizo, kuna PSLF, msamaha wa mkopo wa serikali kwa wafanyakazi wa huduma za umma, ukilipa malipo 120 ya kila mwezi ukiwa kwa waajiri wa aina hiyo kwenye mpango unaokubalika, kilichobaki kinafutwa. Ila kwa deni la elfu ishirini na mshahara wa sabini na kitu, PSLF haina maana kubwa, ndani ya miezi hiyo 120 utakuwa umelimaliza mwenyewe. Ni ya kufikiria kama deni ni kubwa kuliko mshahara.

Kwa mikopo mipya kuanzia 1 Julai 2026 mpango wa kulipa kwa kipato ni RAP, unalipa kati ya asilimia 1 na 10 ya kipato kwa kadiri kinavyopanda, na unapunguziwa dola 50 kwa mwezi kwa kila mtegemezi. Usiuchague kwa sababu tu unaitwa wa msaada. Mtu wa 78,000 bila mtoto atalipa kama 455 kwa mwezi, wakati mpango wa kawaida kwa elfu ishirini ni 226. Mtu wa 42,000 mwenye watoto wawili, yeye atalipa kama 40, na kwake unafaa.

Ukiitwa kwenye usaili wa kazi ya kwanza uliza kama wanasaidia kulipa mkopo, ile 5,250 ya bila kodi siku hizi inaruhusiwa kwenda kwenye deni pia. Hospitali zinazotafuta watu wa upumuaji na eksirei kwa udi na uvumba zinatoa hiyo au bonasi ya kusaini, ila bonasi inakuja na mkataba wa mwaka mmoja miwili na ukiondoka mapema unairudisha, kwa hiyo ikiingia ipeleke yote kwenye mkopo wenye riba kubwa, wa benki kama unao, kabla hujaonyesha mtu yeyote salio.